Namba iliyo mlangoni

Uyole, Mbeya

Mwanangu,

Jana uliponipigia ulikuwa kwenye foleni na mimi nilikuwa juu ya banda la kuku napigilia bati, nikakujibu nusunusu. Leo nimetulia. Mama yako kaniwekea chai, kanionya nisikuandikie kana kwamba namkaripia utingo. Nitajitahidi.

Ulisema tangu uvishe matairi mapya gari linadunda kama mpira, usukani umekuwa mwepesi kupita kiasi, na kila tuta dogo unalisikia mgongoni. Nikakuuliza fundi amejaza upepo kiasi gani. Ukasema 44, kwa kuwa ndivyo tairi lilivyoandikwa. Hapo ndipo niliposhuka kwenye ngazi.

Mama, ile namba ya ubavuni ni kikomo cha tairi lenyewe, kwamba hapo usivuke. Aliyelitengeneza hajui litavikwa gari lako, au teksi, au gari la mtu anayebeba mikaa. Anayejua ni aliyetengeneza gari, maana ndiye aliyelipima uzito wa mbele na wa nyuma, akaandika namba yake kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Fungua mlango, inama, futa vumbi hapo kwenye nguzo. Gari lako limetoka Japani, maandishi hutayaelewa, lakini tarakimu utazisoma: 195/65R15, ambayo ni saizi ya tairi, kisha 220, na pembeni yake 2.2, ambayo ni upepo uleule kwa kipimo kingine. Hiyo 220 ni kPa, kipimo cha upepo; geji yako inasoma kwa psi. Psi moja ni kPa 6.9, kwa hiyo inakuja kama 32. Fundi wako amezidisha 12.

Simlaumu sana. Kila fundi ana namba yake ya mfukoni: huyu 35 kwa gari lolote linalokuja, yule 40 “kwa sababu unasafiri”. Mimi mwenyewe nilikuwa na yangu.

Kuhusu alichokwambia kwamba haya ni matairi ya mzigo ndiyo maana yanataka upepo mwingi, ana robo ya ukweli. Matairi yako ya zamani yaliandikwa 91, yaani kila moja linabeba kilo 615. Haya mapya yana 95 na herufi XL, yaani yameimarishwa kubeba mzigo zaidi, kilo 690. Uwezo umeongezeka, lakini gari halijanenepa. Tairi linabeba mzigo kwa upepo ulio ndani yake, na kwa uzito uleule wa gari, XL linahitaji upepo karibu uleule. Ukiongeza psi moja kwa usalama sina neno. Weka 33. Hizo zaidi ya 40 ni za mtu aliyepakia mpaka kilo 690 juu ya tairi moja, na wewe unabeba mkoba na laptopu.

Tairi likijaa kupita kiasi linakanyaga kwa tumbo. Kashata, yale meno ya tairi yanayokanyaga lami, za katikati zinaliwa, za mabegani zinabaki mpya, na sehemu inayogusa lami inakuwa ndogo. Jua likiwaka hutaona tofauti kubwa. Mvua ikinyesha Kimara, daladala mbele yako ikafunga breki ghafla kwa ajili ya abiria mmoja, utaiona.

Sasa nikwambie kosa langu, ambalo lilikuwa kinyume cha hilo lako, na ni baya zaidi. Enzi za ile pikapu nyeupe uliyokuwa unalala nyuma yake, nilishuka mlima wa Kitonga mchana wa jua kali, breki zinanuka. Nikafika Ruaha Mbuyuni kupakia vitunguu, nikapima matairi, geji inasoma 38. Nikaona hatari, upepo umezidi! Nikabonyeza valvu moja baada ya nyingine, fsss, hadi 32 kila mahali, nikajiona fundi. Kumbe tairi lilikuwa limeiva kwa mwendo na kwa joto la breki. Nililala Morogoro. Alfajiri yalikuwa yamepoa, na kama ningepima ningekuta 27 hivi, huku nyuma magunia yamejaa mpaka bodi inakaribia kugusa tairi. Sikupima. Nikaondoka. Tairi lenye upepo mdogo ubavu wake unajikunja na kukunjuka kila mzunguko, na kule kujikunja kunazaa joto ndani ya nyuzi. Nilipopita Chalinze la nyuma kushoto likalia kama bunduki. Nilipolivua, ubavu ulikuwa umeachana na kashata duara zima, na ndani mlikuwa na unga mweusi wa mpira, laini kama masizi ya chungu. Vitunguu vilienea barabarani, watoto wa kijiji wakavifaidi. Mungu alitunusuru.

Kwa hiyo namba ya mlangoni ni ya tairi la baridi: gari limelala usiku, au limesimama kwa muda wa saa tatu, au limetembea kilomita moja mbili tu mpaka sheli. Tairi la moto likisoma 36 liache, ndivyo linavyotakiwa kufanya. Joto likipanda nyuzi 10, psi inapanda moja na nusu hivi.

Kuna jambo lililonisumbua miaka mingi na nikadhani geji yangu imekufa. Nilikuwa najaza 32 hapa Uyole alfajiri ya Julai, baridi ya kuvaa makoti mawili, kesho yake alfajiri napima Dar, jasho linanitoka, naikuta 32 ileile. Nikajiuliza mbona joto halijaongeza kitu? Baadaye ndipo nilipoelewa kwamba mlima nao una hesabu yake. Huku tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ya nje ni hafifu, haiisukumi sana ile ya ndani, kwa hiyo geji inasoma juu. Ukishuka pwani hewa ya nje inakuwa nzito na geji inarudi chini psi mbili na nusu hivi. Joto la Dar linazirudisha. Kwa hiyo ukija Desemba, ukikuta imepanda moja au imeshuka moja, usihangaike nayo.

Ila ukija na wenzako wanne na mabegi ya sikukuu, ya nyuma ongeza psi mbili kabla hujaondoka. Ukirudi peke yako zipunguze.

Kaka yako usimwige. Prado lake alilivisha matairi yanayoanza na LT, yaani ya magari mepesi ya mizigo, ya kibeberu kweli, halafu akajaza namba ya mlangoni kama kawaida. Hayo ni ya jamii nyingine. Ubavu wake mgumu unahitaji upepo zaidi kubeba uzito uleule, na kiasi chake kinatazamwa kwenye jedwali la mzigo la kiwanda cha tairi. Yeye alikuwa anaendesha matairi mazuri yakiwa na njaa, anajisifu kwamba gari limekuwa laini.

Kesho kabla hujawasha gari, fanya hivi. Chukua geji yako mwenyewe, ile niliyokupa, usitegemee ya sheli ambayo imeangushwa chini mara mia. Punguza yote manne hadi 33. Ukimaliza, lamba kidole uguse ncha ya valvu. Mate yakitoa povu, valvu inavuja, mwambie fundi aibadilishe, ni kitu kidogo. Rudisha vifuniko. Halafu toa spea. Kama ni lile tairi jembamba la dharura, hilo ndilo pekee utakalofuata namba iliyoandikwa juu yake, nayo ni 60. Watu hulijaza 32 kama mengine, au hulisahau miaka mitano, na siku ya pancha wanakuta limelala kama chapati.

Kisha nitumie namba tano: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto, na ya spea. Zile za kabla ya kupunguza pia, nataka kuona kama huyo fundi alijaza sawasawa au kila tairi lilipata bahati yake.

Baba yako