"Hasikii vizuri" haitoshi kwenye faili la mgonjwa

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na madaktari na wataalamu wa usikivu kuhusu wanachokiandika kwenye faili la mgonjwa. Kazi yangu ni kuandaa madai ya bima, na ya masikio yananirudia mara kwa mara kwa sababu ya mstari mmoja: "hasikii vizuri".

Maneno hayo, ukiyapeleka kwenye orodha ya magonjwa ya ICD-10, yanaangukia H91.9, yaani upotevu wa usikivu usiobainishwa. Mkaguzi wa bima akiuona msimbo huo kando ya ombi la vifaa viwili vya kusaidia kusikia, anauliza, na ana haki: sikio lipi? Tatizo la aina gani? Dai linakataliwa, na ankara inamfuata mzee wa watu ambaye alishapimwa barabara.

Kinachoniuma ni kwamba majibu yamo humo humo kwenye faili. Chati ya usikivu ina viduara vyekundu vya sikio la kulia na alama za X za buluu za kushoto. Zikiporomoka zote kuelekea sauti nyembamba, na kipimo cha sauti inayopitia mfupa wa kichwa kikafuatana na cha sauti inayopitia hewa, tatizo liko sikio la ndani au kwenye mshipa wa fahamu, pande zote mbili: H90.3. Vipimo hivyo vikiachana pande zote mbili, cha mfupa kikawa kizuri lakini cha hewa kibaya, sauti inazuiwa njiani, na msimbo unakuwa H90.0. Alama hizo naziona, lakini siruhusiwi kuzigeuza kuwa ugonjwa. Hiyo ni kazi ya tabibu, na inastahili kubaki kwake.

Sababu ya kupima nayo iandikwe. Medicare, bima ya afya ya serikali ya Marekani, kwa mfano, hulipia kipimo cha usikivu daktari akikiagiza ili kutafuta ugonjwa. Kipimo kile kile kikifanywa kwa ajili ya kumwekea mtu kifaa cha kusikia, hailipi. Mashine ni ile ile, chumba ni kile kile.

Basi andikeni sikio lipi, upotevu wa aina gani, na kwa nini mgonjwa alipimwa. Na faili likitufikia bila hayo, turuhusuni tulirudishe kwenu siku hiyo hiyo, kabla dai halijatumwa, badala ya kungoja bima ilikatae.

Mwandaaji wa madai ya bima