Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu: mwanangu alijibu swali

Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa jimbo letu,
Ujerumani.

YAH: MWANANGU NA MIFUPA YA TENDAGURU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua tatu za kwanza nilikuandikia kwa Kijerumani, nikasahihishiwa na jirani ili makosa yangu yasikuchoshe. Mbili hazikujibiwa. Ya tatu nilijibiwa kwamba imepokelewa. Hii ya nne naiandika kwa Kiswahili na kuiweka hadharani, ili ndugu zangu walioko Hamburg, Brussels, London na Stockholm waisome, maana wengi wao wana mtoto kama wangu na barua ya shule kama ile iliyofika kwangu. Wakalimani huwezi kuwakosa, Mheshimiwa. Serikali ya Ujerumani ilianza kufundisha Kiswahili pale Berlin mwaka 1887, ikaleta walimu kutoka pwani yetu ili maofisa wake wajue lugha ya watu waliokwenda kuwatawala.

Mwezi Novemba darasa la nne la mwanangu lilipelekwa Berlin kutazama makumbusho ya viumbe asilia. Katikati ya ukumbi imesimama mifupa ya dinosaria, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Mtoto aliisubiri siku hiyo tangu ana miaka sita. Mifupa ile ilichimbwa Tendaguru, bara ya Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Yote iliyochimbwa huko ilikuwa zaidi ya tani 200, na watu wa kwetu waliibeba vichwani na mabegani, siku nenda siku rudi, mpaka bandarini. Msimamizi wao mkuu aliitwa Boheti bin Amrani. Kwetu hii si habari ya kitabuni. Babu yake mama yangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao, na kila Jumapili mama humsimulia mjukuu wake kwa simu: mzigo ulivyofungwa kwa mianzi, jinsi walivyoambiwa wasiudondoshe hata kama nyoka amekatiza njia.

Mwongozaji wa makumbusho akauliza nani anajua mifupa hii imetoka wapi. Mwanangu akanyoosha mkono. Akasema: Lindi. Kwa kuwa yeye akianza hakomi, akaongeza kwamba babu wa bibi yake aliibeba, na kwamba miaka miwili tu kabla ya hapo ilikuwa imekwisha Vita ya Maji Maji, na watu walikufa kwa njaa kwa sababu majeshi ya Mjerumani yalichoma mashamba na maghala ya chakula. Mwenzake mmoja akamwita kwa lile neno la kuwatusi watu weusi, akamwambia achukue mifupa yake arudi nayo kwao. Wengine wakacheka. Mwalimu alikuwa hatua tatu kutoka pale. Alimgeukia mwanangu. Yule mwingine hakumgeukia. Akamwambia mwanangu asiwaharibie wenzake safari.

Wiki moja baadaye ikaja barua nyumbani: mtoto anavuruga utulivu wa kundi, tena ni mwepesi wa kuudhika.

Mimi nafanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la nchi hii nimelishika miaka 14, Mheshimiwa, na mikono inaonyesha. Usiku ule niliibeba barua mfukoni, nikamwomba mzee mmoja ninayemhudumia, mama wa miaka 91, anieleze neno moja ambalo sikulielewa. Aliisoma mara mbili kwa kioo chake cha kukuzia. Akaniuliza mtoto amekosa nini. Nikamwambia: alijibu swali. Akanyamaza mpaka nilipomaliza kumfunika blanketi, ndipo akasema kwamba alifundisha historia miaka thelathini na Maji Maji hakuifundisha hata siku moja, kwa sababu yeye mwenyewe hakufundishwa.

Maneno ya bibi yule yamenikaa kuliko yote niliyoambiwa shuleni. Huenda na mwalimu wa mwanangu ni hivyohivyo, hajui. Huenda alimwona mtoto anasema uongo, au anatafuta ugomvi. Ana watoto 28 darasani, na sikatai kwamba amechoka. Lakini kama hajui, nani alipaswa kumfundisha? Binti yangu mkubwa yuko darasa la tisa. Katika kitabu chake cha historia ukoloni wa Kijerumani una kurasa mbili, na moja yake ni ramani. Vita ya 1905 hadi 1907, ambayo wanahistoria wengine wanakadiria iliua watu mpaka laki tatu, wengi wao kwa njaa, imepewa sentensi moja. Kinjekitile Ngwale hayumo. Songea Mbano hayumo. Chifu Mkwawa, ambaye fuvu lake liliandikwa katika Mkataba wa Versailles kwamba lirudishwe na likarudi mwaka 1954, naye hayumo.

Rais wako alikwenda Songea tarehe 1 Novemba 2023. Mama yangu alimwona kwenye televisheni, akanipigia simu saa hiyohiyo. Rais aliinama mbele ya makaburi, akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyowatenda wazee wetu, akasema atazichukua habari hizo mpaka Ujerumani ili watu wengi zaidi wazijue. Mama alilia. Mimi nilimwambia: mama, sasa watoto wetu watapumua. Ndiyo maana, Mheshimiwa, sielewi. Mtoto wa miaka kumi amesema mbele ya wenzake jambo lilelile ambalo Rais wa nchi aliliombea msamaha, akaandikiwa barua ya kuonywa.

Sasa lililonifanya nishike kalamu tena. Wiki iliyopita umetoka ushauri wa shule kuhusu masomo ya sekondari. Kwa wasiojua mambo ya huku: mtoto akiwa na miaka kumi, walimu huandika shule inayomfaa, na katika jimbo letu neno lao lina uzito. Njia ya moja kwa moja ya kwenda chuo kikuu ni Gymnasium. Mwanangu ana 1 katika Hesabu, na huku 1 ndiyo alama ya juu kabisa. Kijerumani ana 2. Wameandika kwamba Gymnasium haimfai, kwa kuwa nyumbani lugha ni nyingine na msaada wa wazazi hautoshi. Mtoto wa jirani, wanayekaa naye dawati moja, ana 2 katika yote mawili. Yeye amepita. Namwombea heri, ni mtoto mzuri, hula kwetu kila Alhamisi.

Nisionekane nalia kwa la kwangu tu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Mannheim walichapisha matokeo ya jaribio lao. Waliwapa wanafunzi 203 wa ualimu imla ya kusahihisha. Makosa yalikuwa idadi ileile, jina tu ndilo lililobadilika: kwa wengine mtoto aliitwa Max, jina la Kijerumani, kwa wengine Murat, jina la Kituruki. Murat alipewa alama mbaya zaidi. Hao ndio walimu wanaoingia madarasani mwenu, na sidhani wana roho mbaya. Nadhani hawajawahi kuonyeshwa mikono yao inafanya nini inaposhika kalamu nyekundu.

Na wa kuwaonyesha ni nani? Mwanangu hajafundishwa na mwalimu mweusi tangu chekechea. Hata Berlin ya Kaisari ilikuwa naye: Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha Kiswahili pale mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1904 akaoa Mjerumani, na walipojaribu kwenda Dar es Salaam mwaka uliofuata, serikali ya koloni iliwazuia wasishuke melini. Nilimsimulia mwanangu habari hiyo nikidhani itamtia moyo. Aliniuliza kama walirudishiwa nauli.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu. Alinikaribisha kahawa, akaniambia kwamba katika shule yake ubaguzi haupo. Mlangoni kwake pana kibao kinachosema hivyohivyo, cha aina ile ambayo angalau asilimia 70 ya watu wa shule hutia saini ahadi ya kupinga ubaguzi kabla ya kupewa. Nikamuuliza kama yule mtoto aliyetukana alitia saini. Akasema mkutano wetu umekwisha.

Basi nikalalamike wapi? Nimesoma, Mheshimiwa, kwa kamusi na kwa usingizi wangu wa mchana. Sheria ya usawa ya taifa ya mwaka 2006 inanilinda mimi kazini na ninapotafuta nyumba ya kupanga. Mwanafunzi wa shule ya serikali haimfiki ipasavyo, kwa kuwa elimu ni mamlaka ya majimbo. Jimbo la Berlin waliliona pengo hilo, wakatunga sheria yao mwaka 2020, na shule za umma zimo. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya wa mwaka 2000 wa kupinga ubaguzi wa rangi unataja elimu waziwazi. Mkutano wa mawaziri wa elimu wa majimbo yote ulipitisha azimio la elimu ya tamaduni mbalimbali mwaka 1996, ukalipitia upya mwaka 2013, kwamba shule isimame kuupinga ubaguzi. Jimbo letu lilikuwemo. Ofisi yako ilikuwemo.

Na wewe mwenyewe ulikuja kwetu. Ni miaka miwili sasa, ukumbi wa mji wetu, jioni ya mvua. Nilikaa safu ya tatu, nimetoka zamu, sijalala. Ulisema kabla ya mwaka wa shule uliofuata kwisha, wazazi watapata mtu wa kupokea malalamiko ya ubaguzi, asiyekuwa chini ya mwalimu mkuu yeyote. Nilikupigia makofi mpaka mama aliyeketi kando yangu akanitazama. Mwaka ule umekwisha, na wa pili umefika nusu. Ahadi ni deni, Mheshimiwa, na mimi ni mmoja wa wanaokudai.

Nilitaka kuomba mengi. Vitabu vibadilishwe. Walimu wafundishwe. Walimu weusi, Waturuki, Waarabu na Waroma, wale ambao wengine huwaita Wajipsi, waajiriwe, wote ambao watoto wao wamejaa madarasani. Shule zinazowapeleka watoto kutazama mifupa ya Tendaguru ziwaambie nani aliibeba. Yote hayo bado nayaomba. Lakini najua yatachukua miaka, na mwanangu hana miaka. Tangu wiki iliyopita hanyooshi mkono darasani. Jumapili mama alipopiga simu kusimulia, alisema ana kazi ya shule, akaenda kukaa chumbani gizani.

Kwa hiyo naomba moja. Mtume mtu. Mtu mmoja kutoka nje ya shule ile, aje asome alama za mwanangu, asome kilichoandikwa chini yake, amsikilize yeye kwanza kabla ya kumsikiliza mtu mzima yeyote, kisha aseme kama ushauri ule ni wa haki. Akiona ni wa haki, aniambie sababu usoni, nami nitanyamaza. Nakuomba tena, Mheshimiwa: mtu mmoja.

Fomu za sekondari zinafungwa baada ya wiki mbili. Namba yangu iko katika zile barua tatu. Zamu yangu huisha saa kumi na mbili asubuhi, na kuanzia saa moja nipo nyumbani.

Wako katika ujenzi wa elimu,

Mama wa mwanafunzi wa darasa la nne, mzaliwa wa Lindi