Kwa mpwa wangu aliyeficha brashi

Mpwa wangu,

Nimeona umebadilisha maelezo yako kule mtandaoni. Zamani yalisema wewe ni mchoraji, sasa yanasema ni "mshauri wa mawasiliano". Mama yako kafurahi, anasema angalau ana cha kuwajibu wenzake wa kwenye chama. Mimi nimeguna tu. Nilikuona juzi, kucha zako bado zina rangi ya mafuta, na hiyo haitoki kwa kushauri watu.

Sikulaumu. Kuna mkubwa wako katika kazi hii aliyefanya hivyo hivyo, tena kwa mashahidi zaidi ya mia moja. Nakuandikia hadharani maana najua wako wengi wenye tabia yako, na pia simu zangu hupokei.

Diego Velázquez alizaliwa Sevilla, kusini mwa Hispania, mwaka 1599. Akiwa bado mtoto alipelekwa kujifunza kwa mchoraji Francisco Pacheco. Mwaka 1617 akafanya mtihani wa chama cha wachoraji na kufaulu, akapata ruhusa ya kufungua karakana na kuchukua wanafunzi. Mwaka uliofuata akamwoa Juana, binti wa mwalimu wake. (Mafundi wa huku nao wanaijua njia hiyo.)

Picha za ujana wake ndizo ninazotaka uanze nazo, kabla hujakimbilia za wafalme. Iko moja ya bibi kizee anakaanga mayai, ya mwaka 1618, sasa ipo Edinburgh. Ute wa yai ndiyo kwanza unaanza kuwa mweupe ndani ya mafuta, na kisu kilicholazwa kwenye bakuli kimeacha kivuli kilichopinda kufuata bakuli lenyewe. Iko nyingine ya mzee muuza maji, ipo London. Mtungi umesimama mbele kabisa kama vile unauzwa wenyewe, na matone ya maji yanateleza ubavuni mwake. Kijana asiyefika miaka ishirini na mitano ndiye aliyefanya hayo. Mtu wa namna hiyo alikuwa ameshamaliza kujitambulisha.

Mwaka 1623 aliitwa Madrid, akamchora Mfalme Felipe IV, aliyekuwa na miaka 18 tu. Mfalme akapendezwa, akamwajiri. Tangu hapo hadi kufa, karibu miaka 37, Velázquez alikuwa mtu wa ikulu.

Ungedhani ameukata. Lakini kwa macho ya wakuu wa Hispania ya wakati ule, mtu anayefanya kazi ya mikono kwa malipo hawezi kuwa mheshimiwa. Mchoraji wa mfalme alihesabiwa pamoja na watumishi, na posho yake ya kila siku ililinganishwa na ya vinyozi wa ikulu. Basi akaanza kupanda ngazi ya vyeo. Mwaka 1652 akafika kwenye usimamizi mkuu wa makazi ya mfalme. Cheo kikubwa, funguo kiunoni, na kazi yenyewe? Samani, usafi, kuni za kuotea moto, na kutafuta pa kulala kila mfalme anaposafiri na msafara wake. Ndiyo maana picha zinazokubalika kuwa ni zake ni zaidi kidogo ya 100 tu. Wenzake wa enzi hiyo waliacha nyingi kuliko hizo. Mimi hilo linaniuma kuliko yote: mkono ule, halafu unahesabu mikeka na viti.

Hakuridhika. Alitaka msalaba mwekundu wa Santiago, nishani ya mabwana wakubwa. Mwaka 1658 mfalme akampendekeza, na wachunguzi wakaanza kazi. Walihoji mashahidi 148. Ilibidi ithibitishwe kwamba ukoo wake ni wa kibwana, kwamba hakuna damu ya Kiyahudi wala ya Kiislamu, na kwamba hakuwahi kuishi kwa kazi ya mikono. Hapo ndipo wachoraji wenzake, Zurbarán na Alonso Cano wakiwemo, walipotoa ushahidi wao. Ushahidi uliokusanywa ukamsafisha: hakuwahi kuwa na duka, hakuwahi kuuza picha, anachora kwa kumfurahisha mfalme tu. Ule mtihani wa 1617 wakaumeza. Pamoja na hayo yote baraza halikuridhika na ukoo wake, ikabidi Papa atoe ruhusa maalumu. Akavikwa nishani Novemba 1659.

Sasa tazama Las Meninas, ile picha kubwa ya 1656 yenye urefu wa zaidi ya mita tatu. Binti mfalme Margarita yupo katikati na wasichana wake wa kumhudumia, mbwa kajilaza, na kijana Nicolasito anamsukuma kwa mguu. Kushoto kasimama Velázquez mwenyewe, brashi mkononi, ubao wa rangi mkono wa pili. Kifuani kuna msalaba mwekundu. Hesabu miaka utaona: picha ilipokamilika nishani hiyo alikuwa bado hajapewa, kwa hiyo msalaba uliongezwa baadaye. Wapo wanaosimulia kwamba mfalme ndiye aliyeuchora kwa mkono wake. Hadithi tamu, mimi siinunui. Ninachokiona ni mtu aliyeapiwa kuwa si fundi, naye amejichora na vifaa vyote vya fundi.

Nishani aliivaa miezi michache. Mwaka 1660 alitumwa mpakani na Ufaransa kupanga na kupamba mahali pa makabidhiano ya binti mfalme María Teresa, aliyekuwa anaolewa na Louis XIV, mfalme wa Ufaransa. Alirudi Madrid amechoka, akaugua, akafariki tarehe 6 Agosti. Mkewe Juana akamfuata baada ya siku nane. Kanisa walimozikwa lilibomolewa wakati Wafaransa wanaitawala Madrid, na kaburi halijulikani lilipo.

Lakini barua hii sikuianza kwa ajili yake peke yake. Nyumbani kwa Velázquez kulikuwa na mtu mwingine, Juan de Pareja, mwenye asili ya Kiafrika, mzaliwa wa Antequera. Alikuwa mtumwa wake. Kazi za karakana alizijua, na kusoma na kuandika alijua, maana sahihi yake ipo kwenye hati za bwana wake kama shahidi. Walikwenda Italia pamoja mwaka 1649. Mwaka uliofuata, akiwa anajiandaa kumchora Papa Innocent X, Velázquez alimchora kwanza Pareja. Tafuta picha hiyo, ipo New York. Nguo za rangi ya kijivu, ukosi mweupe wa lesi, mkono umepita mbele ya tumbo, na macho yanakutazama wewe bila kuomba chochote. Ilionyeshwa Roma, kwenye jengo la Pantheon, Machi 1650, na watu wakaisifu sana. Aliyechorwa alikuwa bado mali ya mchoraji.

Hati ya uhuru wake iliandikwa Novemba mwaka huo huo, tena kwa masharti: atumikie miaka minne zaidi, asitoroke, asifanye kosa la jinai. Ikabidi asubiri hadi 1654. Alipokuwa huru hakutafuta cheo cha kuficha kazi. Akawa mchoraji Madrid, kwa jina lake.

Mwaka 1661, bwana wake akiwa amefariki mwaka mmoja uliopita, Pareja alichora Mathayo akiitwa na Yesu. Ni picha pana, zaidi ya mita tatu. Ipo Prado, jumba la makumbusho la Madrid, lile lile lenye Las Meninas, na tovuti yao inakuruhusu kuivuta karibu bila kulipa. Nenda pembeni kabisa kushoto. Mtu anayekutazama pale ni Pareja, na kwenye karatasi aliyoishika ameandika jina lake na mwaka.

Fungua kwenye kompyuta, simu itakubania. Ukishaiona nipigie, na safari hii ukiona ni mimi napiga, pokea.

Mjomba wako