Ile fomu uliyotia sahihi

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Jana kwenye simu sikukuitikia, maana ulianza kulia kabla sijafungua mdomo, kisha vocha ikaisha. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Juma ataipiga picha barua hii akutumie. Ataisoma, usimgombeze, hapa nyumbani wote wameshajua isipokuwa mama yako, naye nahisi anajua ila anangoja nimwambie mwenyewe.

Kwanza nijibu hili. Ile fomu ya msimamizi wa mtihani, aliyekukuta na karatasi ukumbini, uliitia sahihi? Na kama uliitia, juu ya sahihi yako palikuwa pameandikwa nini, na kwa mkono wa nani?

Nimesimamia mitihani miaka 31, najua fomu ile inavyojazwa. Mtahiniwa anatetemeka, ukumbi mzima umegeuza shingo, msimamizi naye anataka yaishe arudi kuzunguka. Anaandika mbiombio "amekutwa akinakili", kumbe alichokiona ni ncha ya karatasi nyuma ya mfuniko wa kalkuleta. Kukutwa na karatasi na kunakili ni mambo mawili. Usijidanganye, yote mawili ni kosa, na kanuni za chuo ulizonitumia zinasema kukutwa nayo tu kunatosha. Lakini kamati itakayokusikiliza haikuwepo ukumbini. Itashika kilichoandikwa, na ukishasaini chini ya "akinakili" umewajibia swali kabla hawajakuuliza.

Kanuni hizo nimezisoma zote, kurasa 46, kwa miwani ya mama yako. Adhabu yake nimeiona, kufukuzwa chuo. Ninyi mnaita kudisko, kama vile watu wanakwenda kucheza muziki. Ukidisko mkopo unasimama, na deni la Bodi ya Mikopo halifutwi. Hilo sitaliandika mara mbili.

Barua ya wito lazima itaje shtaka lenyewe. Kama imesema tu "udanganyifu katika mtihani", waandikie uombe taarifa ya msimamizi na nakala ya fomu yako, na barua yako igongewe muhuri wa kupokelewa. Usiende kuomba kwa mdomo dirishani. Mwenzako uliyesema alikaa dawati la nyuma, aandike leo alichokiona, si siku ya kikao. Kanuni zenu zinakuruhusu kuingia na kiongozi mmoja wa serikali ya wanafunzi. Wakili hawamtaki ndani, na mimi hela ya wakili sina. Kisha angalia waliokaa mezani. Kama yule msimamizi ni mjumbe wa kamati, sema kwa adabu kwamba aliyekushika hawezi kukuhukumu, na uombe hilo liandikwe kwenye muhtasari. Akija kutoa ushahidi na kutoka, hiyo ni sawa.

Wasikwambie wanakufanyia hisani kukusikiliza. Katiba, ibara ya 13(6)(a), imesema mtu apewe fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu na haki ya kukata rufaa, na haikutaja mahakama peke yake, imetaja na chombo kinginecho. Baba yangu mdogo alikuwa miongoni mwa wale wanafunzi karibu 400 waliorudishwa makwao Oktoba 1966 kwa kuandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Uamuzi ulitoka palepale Ikulu, siku ileile, hakuna aliyeitwa kwa jina lake akaulizwa. Wengi walirudi masomoni baadaye. Wewe una barua na una siku saba, na mbili umeshazilia.

Sasa karatasi yenyewe. Unasema ni ya jaribio la wiki ya tano, ukaisahau humo. Inawezekana. Lakini ulisema mwenyewe imeandikwa kwa herufi ndogo, na mtu haandiki herufi za ukubwa wa sisimizi ili akajisomee kitandani. Mwenye B+ nne anahitaji kikaratasi cha nini? Au labda mimi nilizitangaza mno zile B+, barazani wameshachoka kuzisikia. Kama ulikusudia, niambie mimi. Kwao usiende na hadithi ya kupikwa, wataivuta uzi mmoja ifumuke yote. Sema karatasi ilivyofika pale, sema kama uliitumia au hukuitumia, kisha nyamaza waulize.

Lakini usinyamaze kabla ya hapo. Pale shuleni, nilipokuwa katibu wa kamati ya nidhamu, tulimwita kijana mmoja wa kidato cha tatu kwa ajili ya redio ya mwalimu iliyopotea. Aliulizwa mara mbili, akawa anaangalia viatu vyake tu. Viatu vilikuwa vya kaka yake, vikubwa, kamba moja ya katani. Muhtasari niliuandika mimi: "Mtuhumiwa alikiri." Bodi ya shule ikapitisha kama ilivyo. Siku hizi anaendesha bodaboda hapa stendi ya Muheza. Akinipakia hataki nauli, na mimi huiacha juu ya kiti nikiwa nimeshashuka.

Kwa hiyo ile fomu, Rehema. Kama ulisaini bila kusoma, waandikie sasa hivi kwamba ulisaini ukiwa kwenye mshituko na maelezo yako kamili ni haya. Hawatafurahi. Lakini itakaa kwenye faili, na rufaa hutegemea kilichomo kwenye faili. Mahakama Kuu nayo haisahihishi mitihani, huangalia kama mtu alisikilizwa. Huko natumaini hatutafika.

Machungwa yameiva na madalali wameshaanza kuhesabu mtini. Aliyekuja juzi alitaja bei ya kunitukana, nikamwambia apite. Sasa naona nitamwita tena, nauli yako ya kurudi itoke humo. Namaanisha ya likizo. Yule mbuzi mweupe amezaa mapacha, mmoja hanyonyi vizuri, mama yako anamnywesha kwa chupa ya soda. Mguu wa mama yako bado unavimba jioni. Usimpigie ukiwa unalia.

Elfu hamsini nimeituma kwa namba ya mwenzako kwa sababu yako ilikataa, na ya kutolea imo. Kula. Ukija usiliache blanketi la kijani hosteli, si lako.

Na nijibu leo, hata kwa meseji ya neno moja: ulisaini, au hukusaini.

Baba yako