Barua kwa inchaji mpya wa leba

Tanga

Mama Salma, shoga yangu,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga. Sisi hatujambo, joto tu ndilo limetuzidi. Habari ya kwamba umekabidhiwa kuongoza leba, wodi ya akina mama wanaojifungua, huko Iringa imenifurahisha mno, na karibu wote tuliosoma nao nimeshawapigia kuwaeleza. Umestahili. Uliniuliza uanze na lipi: kupanga upya ratiba ya zamu, kubandika taratibu ukutani, au kuitisha kikao. Jibu langu ni refu, ndiyo maana nimeona nikuandikie barua.

Yote matatu yasubiri. Anza kwa kutaka kujua. Leba umeizoea, hilo hakuna anayelibisha, lakini leba hii huijui bado, na wanaoijua ni wale wanaokesha ndani yake. Mwezi wako wa kwanza wasikilize hao.

Bila shaka unaikumbuka habari ya Erasto Mpemba. Mimi mtu wa Lushoto, kwetu anatajwa kama jirani, na huko uliko ndiko alikomalizia masomo ya sekondari, pale Mkwawa. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, kwetu Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa maziwa ya kuchemsha na sukari, na ilitakiwa maziwa yapoe kwanza ndipo yaingie kwenye friji. Nafasi ikawa inaisha, Mpemba akayaingiza yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambaye hakuchemsha kabisa. Alipomuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa akauliza tena, na mwalimu mwingine akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Darasa zima likapata la kumtania.

Siku moja akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa chuo kishiriki. Mpemba akasimama: ukiweka kwenye friji maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi kilekile, vyombo vinavyofanana, yale ya 100 yanatangulia kuganda, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne naye alidhani kijana amekosea. Ila alimuuliza kama kweli amelifanya jambo hilo, akakiri kuwa sababu haijui, akaahidi kulijaribu akirudi Dar. Na akalijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja katika jarida la elimu ya fizikia, jina la Mpemba likitangulia. Wanasayansi hadi leo wanabishania sababu yake, na wapo wasemao halitokei kila mara.

Watu humsifu kijana, na anastahili kila sifa. Lakini wewe sasa ni kiongozi, kwa hiyo nataka umtazame Osborne. Alikuwa mkubwa katika chumba kile, alikuwa na elimu, na alikuwa na kila sababu ya kucheka na wengine. Alichofanya ni kuondoka na swali la mtu mdogo na kwenda kulifanyia kazi.

Kuna kipande kingine ambacho wengi hukiruka, na kwangu mimi ndicho kikubwa zaidi. Jaribio lenyewe Osborne alimpa fundi wa maabara. Fundi akamletea taarifa kwamba maji yaliyoanza ya moto kweli yametangulia kuganda, kisha akaongeza: tutaendelea kurudia mpaka tupate jibu sahihi.

Mama Salma, sentensi hiyo iweke moyoni. Fundi yule hakuwa mwongo. Alikuwa mtu mwema anayedhani anajua bosi wake anataka kusikia nini. Na wewe tangu siku uliyopewa barua ya uinchaji, kila anayekuletea taarifa anakisia unataka kusikia nini.

Wewe na mimi tumeziona patografu, zile chati za kufuatilia uchungu wa mama, zilizojazwa mama akiwa ameshajifungua. Mapigo ya moyo wa mtoto yamo kila nusu saa bila kukosa, njia imefunguka sentimita kwa sentimita, hakuna nukta iliyovuka mstari wa tahadhari. Karatasi safi kabisa. Inchaji akipita asubuhi anaikuta imejaa na anaridhika, maana alichotaka ni karatasi iliyojaa. Hajaambiwa kwamba usiku ule muuguzi mmoja alikuwa na akina mama watano, wawili wakisukuma kwa wakati mmoja. Basi ukiikuta patografu nzuri kupita kiasi, usitabasamu wala usigombe. Kaa na aliyeijaza, umuombe akusimulie usiku wake. Swali la "kwa nini hukujaza kwa wakati?" limeshakata hukumu, na atakujibu kwa kujitetea. Ukimuuliza "saa nane ile ulikuwa na wangapi, na nani alikuwa karibu?" atakueleza jambo ambalo unaweza kulipeleka kwa katibu wa hospitali ukaomba mtu wa kuongeza zamu.

Naamini hicho ndicho kipimo cha swali la kiongozi: je, jibu linaweza kukubadilisha uamuzi? Kama hapana, hukutaka kujua, ulitaka kumweka mtu kwenye kona. Na watu wanalitambua hilo haraka mno, hata ukiuliza kwa sauti laini.

Sista mmoja aliyekuwa inchaji wangu nilipoanza kazi alikuwa na kipaji hiki. Wodi yetu ilikuwa na shida: sampuli za damu za usiku majibu yake yalichelewa. Kila mtu alijua sababu, kwamba watu wa maabara ni wavivu, na barua za malalamiko zilishaandikwa. Yeye akamuita mhudumu anayezipeleka, mzee mmoja mkimya, akamwambia, "Baba, hebu nipitishe njia unayopita." Wakaenda wote wawili. Kumbe mlango wa korido ya karibu ulifungwa na walinzi kuanzia saa mbili usiku, na mzee alilazimika kuzunguka nje mpaka upande wa wagonjwa wa nje. Kwa umri wake, alisubiri sampuli zifike tatu nne ndipo aende safari moja. Mlinzi akakubali kukaa na ufunguo, na mambo yakatengemaa. Mzee aliulizwa kwa nini miaka yote hiyo hakusema. Akajibu kwamba hakuna aliyewahi kumuuliza.

Sasa nikutahadharishe. Ukianza kuuliza hivi, makosa yataonekana kuongezeka. Usishtuke. Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alichapisha mwaka 1996 utafiti wake kuhusu makosa ya dawa wodini. Alitarajia timu zinazoongozwa vizuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikamwonyesha kinyume. Angeweza kuzitupa. Akazidi kuchimba, na kilichojitokeza ni kwamba katika timu zile watu walithubutu kuyasema makosa, na kwingine waliyaficha. Kwa hiyo daftari lako la matukio likianza kujaa, mwambie matroni mapema maana yake, kabla mwingine hajamtafsiria.

Ni hivyohivyo kwenye vikao vya kujadili vifo vya uzazi. Umeshakaa navyo: tunapitia ule ucheleweshaji wa aina tatu, kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. Mbili za mwanzo zinazungumzwa kwa raha kwa sababu mhusika ni familia au barabara. Tukifika ya tatu, chumba kinanyamaza. Hapo ndipo udadisi wako unahitajika kuliko mahali popote, na ndipo ni vigumu kuliko popote, maana mhusika wa huo wa tatu ni sisi. Mama aliyekufa anatudai tujue.

Najua hofu utakayokuwa nayo: wakiniona nauliza watasema sijui kazi. Kuuliza si ujinga, walisema wazee, na walijua wanachosema. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara kwetu hapa, inataka kila aliyemo chumbani ataje jina na kazi yake kabla ya kisu kugusa ngozi, na daktari aseme na timu yake mambo anayoyahofia. Katika hospitali zile vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha ina mengi ndani yake, sitadai ni majina yaliyofanya kazi yote. Lakini mtu aliyekwisha kutoa sauti mara moja humo ndani ni rahisi kuitoa tena akiona damu haikomi.

Muda utautoa wapi? Wakati wa kukabidhiana zamu. Mkimaliza kuhesabu wagonjwa na dawa, uliza jambo moja tu: usiku huu kipi kimewasumbua? Kisha nyamaza, hata kimya kikizidi. Waanze wahudumu, wauguzi wafuate, wewe uwe wa mwisho. Ukiambiwa taa ya chumba cha pili haiwaki, siku hiyohiyo fuatilia, na kesho yake urudi kuwaeleza umefikia wapi, hata kama fundi hajaja. Ukiuliza mara tatu bila kufanya kitu, wataacha kukujibu na hutajua ni lini walipoacha.

Tafadhali kaa zamu mbili tatu za usiku kabla hujagusa ile ratiba, kisha nipigie unieleze mhudumu wa huko amekwambia nini. Mwezi ujao nina likizo, nikipata nauli nitapanda basi nije mwenyewe. Nisalimie Salma, na umwambie viatu vyake vya shule nimeshavipata.

Wako,
Mama Tatu