Mafuta ya chipsi kwenye pevingi hayataki petroli

Mhariri,

Naomba nafasi niwaeleze wenye nyumba na fremu za maduka, pamoja na wakaanga chipsi na mihogo wanaoweka karai mbele ya milango yao. Pevingi, zile tofali za saruji zinazotandazwa chini, zikiisha kuwa nyeusi, ugomvi wa nani alipe huanza, na dawa zinazomwagwa hapo mara nyingi huharibu kuliko doa lenyewe.

Petroli huyafanya mafuta kuwa mepesi, yakazama ndani zaidi ya tofali, tena jirani na jiko la mkaa! Maji ya betri ni asidi: hula saruji, mchanga ukabaki wazi, na mafuta yapo palepale. Jiki hupausha tu, na ikichanganyika na asidi hutoa hewa ya sumu.

Mafuta yakimwagika sasa hivi, usikimbilie maji, yatayasambaza. Funika kwa vumbi la mbao au mchanga mkavu, usisugue, acha hadi asubuhi kisha zoa. Sugua kwa maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo. Hapo kazi imekwisha.

Doa la miezi ni kazi nyingine. Jua na hewa huyageuza mafuta kuwa utando unaonata kama vanishi, na mengine yamekwisha kuingia kwenye vitundu vya saruji. Kwangua utando kwanza kwa kisu cha kupigia lipu. Kisha chukua magadi, yale ya kulainishia maharage, uyatwange. Gramu 100, kama vijiko saba vya chakula, zinatosha lita 1 ya maji ya moto. Tumia ndoo ya plastiki, maana magadi hula sufuria ya alumini, na vaa glavu. Acha tope lizame, umimine maji ya juu tu. Mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi yana asidi zake, na zikikutana na magadi hugeuka sabuni, ndiyo maana utaona povu bila kutia sabuni. Oili ya gari haifanyi hivyo, msipoteze magadi yenu huko.

Mwagia, subiri dakika 20, sugua kwa brashi ngumu ya plastiki. Ya waya huacha vipande vinavyoshika kutu, ukapata madoa mekundu mapya.

Kivuli kikibaki, kanda majivu ya kuni yaliyochekechwa (chembe za mkaa zikibaki zitatia weusi) kwa maji hayohayo ya magadi hadi yawe rojo zito. Paka unene wa sentimita 1, funika kwa nailoni saa 24, kisha ifunue na uache rojo likauke kabisa kabla ya kukwangua. Wengi hukosea hapa: wanakwangua likiwa bichi, wakati ni kule kukauka ndiko kunakovuta mafuta juu. Doa la zamani huhitaji kurudiwa mara mbili au tatu.

Mchanga wa kwenye viungo kati ya tofali na tofali ulioloa mafuta uchokolewe sentimita 2 hadi 3, ujazwe mwingine mkavu, la sivyo doa litarudi kutokea pembeni. Rojo litupwe na taka kavu, lisisukumwe mtaroni.

Kabla ya kulipana, tofali likiwa kavu, dondosheeni tone la maji. Likikaa juu kama shanga, mafuta bado yamo.

Fundi wa pevingi,
Dar es Salaam