Oda moja kuingia mara mbili: tatizo liko kati ya simu ya mteja na seva

Wateja wengi wanaofika ofisini kwetu hapa Mwanjelwa, Mbeya, wanakuja na lalamiko moja: tovuti inafunguka vizuri, picha zinaonekana, lakini oda hazieleweki. Muuza mchele anakuta kwenye mfumo magunia kumi ya mchele wa Kyela yameagizwa saa nne na dakika tano. Dakika moja baadaye, magunia kumi tena, jina lilelile, namba ya simu ileile. Anapakia ishirini, na mteja wa Tunduma anasema aliagiza kumi tu.

Mteja huambiwa alibonyeza mara mbili. Ni kweli alibonyeza, na hana kosa.

Ukurasa anaouona umo ndani ya simu yake. Oda, stoo na hesabu zimo kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayoendesha mfumo, na mara nyingi seva hiyo iko nje ya nchi. Kitufe kikibonyezwa, ukurasa unatuma ombi, seva inaandika oda na kurudisha jibu, kisha ukurasa unaonyesha "Oda imepokelewa". Sasa mteja huyo yuko kwenye basi la Tukuyu, anapita Isyonje, na mtandao unakatika ombi likiwa limeshafika lakini jibu halijarudi. Seva imeandika oda. Simu haina habari. Kiduara kinazunguka, anasubiri, anachoka, anabonyeza tena. Kwa seva, hilo ni ombi jipya.

Dawa yake inajulikana miaka mingi, na inasikitisha kuona mifumo inauzwa bila kuwa nayo. Oda inapoanza, ukurasa unaipa namba yake ya pekee na kuituma pamoja na ombi. Mteja akirudia kubonyeza, namba inakwenda ileile, na seva ikikuta imeshaishughulikia inarudisha jibu la mwanzo bila kuandika oda ya pili. Hifadhidata nayo iwekewe sharti la kukataa namba inayojirudia, kwa sababu maombi mawili yanaweza kufika karibu kwa pamoja. Angalizo kwa fundi wako: namba itungwe mara moja kwa kila oda. Ikitungwa upya kila kitufe kinapobonyezwa, haisaidii chochote.

Malipo ya simu yanahitaji uangalifu zaidi. Seva yako inapoiomba kampuni ya malipo imtoze mteja, jibu la kwanza linasema tu kwamba ombi limepokelewa. Mteja bado hajaweka namba ya siri. Huenda hana salio, huenda akaghairi. Uthibitisho huja baadaye, kwa ujumbe mwingine ambao kampuni ile inautuma kwenye seva yako. Mfumo unaoandika "Imelipwa" kwenye jibu la kwanza utakutolea mzigo ambao haujalipiwa. Sisi tunaonyesha "Tunasubiri uthibitisho", na ujumbe ukichelewa seva yenyewe inauliza hali ya muamala. Ufunguo wa siri, ambao seva hujitambulisha nao kwa kampuni ya malipo, tunauweka kwenye seva peke yake, kwa kuwa chochote kilichoandikwa ndani ya ukurasa kinaweza kusomwa na yeyote aliyeufungua.

Kuna pia makosa yanayofichwa. Kurasa nyingi siku hizi hutuma maombi kwa amri iitwayo fetch, ya JavaScript, lugha ya programu inayoendesha kurasa za tovuti. Seva ikijibu 500, maana yake imeshindwa kwa upande wake, fetch hailihesabu hilo kuwa kosa. Kwake jibu limefika. Fundi asipoangalia namba ya jibu, mteja anaweza kuandikiwa "Asante" kwa oda ambayo haipo. Vilevile amri hiyo haina muda wa kusubiri uliopangwa, lazima fundi auweke mwenyewe. Baada ya muda huo mwambie mteja ukweli kwa Kiswahili anachokielewa: "Hatujapata jibu. Bonyeza tena, oda haitaingia mara mbili." Uandike hivyo ukiwa na hakika namba ya pekee inafanya kazi.

Kuhusu kasi, umbali una gharama yake. Tuseme seva iko Frankfurt, Ujerumani. Kutoka Mbeya hadi huko ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya za kioo husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 70 hata kila kitu kikienda sawasawa, na nyaya hazipiti mstari ulionyooka. Ukurasa unaotuma maombi kumi, moja likisubiri lingine, unalipa umbali huo mara kumi. Tukiyaunganisha yawe ombi moja, mteja wa Mbarali mwenye mtandao dhaifu anaona tofauti papo hapo, na simu yake ni ileile.

Ndiyo maana kwenye makadirio yetu kazi ya kuunganisha ukurasa na seva inaandikwa kando na kazi ya kupamba ukurasa, na mara nyingi ndiyo yenye bei kubwa. Kama mfumo wako ulitengenezwa kwingine, ujaribu leo: weka oda kwa simu, bonyeza kitufe, zima data hapohapo, iwashe, ubonyeze tena. Rudia mara chache, kisha hesabu oda zilizoingia. Zikizidi ulizoagiza, njoo na simu hiyohiyo na namba ya aliyeutengeneza, tukae naye tuurekebishe.